Katuma: Tuta Linamkinga Nani?

Kila masika mto Katuma unapofurika na kuingia katika majaruba ya mpunga ya Mwamkulu na Kakese, karibu na mji wa Mpanda, husikika hoja moja: mto udhibitiwe. Lijengwe tuta, mkondo unyooshwe, maji yapite upesi. Hoja hiyo huletwa kama jambo la ufundi mtupu lisilohusu siasa. Tunaikataa. Kujenga tuta ni kuamua nani apate maji na nani ayakose, na uamuzi wa namna hiyo ni wa kisiasa tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuutazame mto wenyewe. Katuma ukishapita mashambani huingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, na kulisha maziwa ya msimu ya Katavi na Chada. Kisha maji huendelea kwa mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Maji yanayotapakaa mbugani hayapotei. Hupunguza kasi, huacha tope lenye rutuba, huzama ardhini. Kambale hutaga katika majani yaliyofunikwa na maji hayo. Ukiziba ukingo mmoja, maji yale yale yatapanda ukingo wa pili, au yatamfikia aliye chini kwa nguvu kubwa zaidi. Hapo furiko limehamishwa tu.

Kiangazi mgogoro hugeuka. Elisa, Gara na Wolanski, katika mapitio yao ya mwaka 2010, walieleza jinsi Katuma ulivyofikia kukauka wakati wa kiangazi, na wakataja mabanio na umwagiliaji wa mpunga juu ya hifadhi kuwa chanzo kikubwa. Viboko hubanana topeni, mmoja juu ya mgongo wa mwenzake, na watalii huwapiga picha. Basi wako wanaomwita mkulima mvamizi na kutaka aondolewe. Huo nao ni uchambuzi mbovu. Mwenye jembe la mkono aliyeziba mfereji kwa miti na udongo hawezi kutiwa kapu moja na anayelimisha kwa trekta na kukodisha majaruba huku yeye akikaa mjini. Anayeshindwa kutofautisha hao wawili hajaanza hata kuuchambua mgongano uliopo bondeni.

Historia ya Chama inatupa kipimo. Baada ya mafuriko makubwa ya Rufiji ya mwaka 1968, wananchi walitolewa bondeni wakapelekwa katika vijiji vya ujamaa kwenye miinuko. Nia ilikuwa kuokoa maisha na kuwafikishia shule na zahanati, na hilo hatulibezi. Lakini Mrufiji alikuwa na kilimo cha mlau: maji yakishuka, hupanda mahindi, kunde na pamba katika udongo mbichi ulioachwa na mto. Furiko lililo kubwa mno lilikuwa maafa. La kawaida lilikuwa mbolea yake. Alipowekwa kwenye mchanga wa mwinuko, ilimbidi atembee mwendo mrefu kurudi shambani na kulala kwenye dungu akilinda mazao. Waliopanga walihesabu hatari ya maji, wakasahau kuhesabu faida yake. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipodai wananchi washirikishwe katika kupanga, si katika kutekeleza tu, ulikuwa unajibu matendo ya namna hiyo hiyo.

Wengine hutegemea Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 na mita zake 60 kutoka ukingoni. Sheria hiyo ni nzuri, iheshimiwe. Ila mto unaotapakaa mbugani hauijui kamba ya mita 60, na anayedhani kupima kingo ni kutatua suala la bonde zima anajidanganya.

Kwa hiyo, kabla tuta halijapitishwa, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa na matawi ya Chama yawakutanishe wa Mwamkulu, wa Kakese, wa hifadhi na wa Kavuu. Waelezwe waziwazi shamba la nani litazama, na kama fidia yake itakuwa ardhi ya mpunga au fedha zitakazokwisha kwa msimu mmoja. Vibali vya maji visomwe kwa majina mbele ya wote. Na mkutano ufanyike kiangazi, mto ukiwa mtupu, ili ionekane ni banio la nani lililofungwa.