Fundi Asiyekimbilia Bisibisi

Kompyuta ya mezani ikigoma kabisa kuwaka, haikuachii hata fununu. Skrini giza, feni kimya, taa hakuna. Ndiyo maana nawavulia kofia mafundi wa Luthuli Avenue, hasa yule ambaye ukimwekea sipiyu mezani huanza na maswali, bisibisi baadaye.

Wateja wake wengi ni wenye saiba za Kawangware na Kangemi. Mama mmoja alishuka matatu ya 46 akiwa ameipakata mashine yake, Dell iliyokwisha kutumika Ulaya. Ilikuwa mwisho wa Juni, watu wakikimbizana na tarehe 30 ya kuwasilisha ritani za KRA, na kila kiti kitupu kwenye saiba ni hela inayopotea.

“Mama, stima ilipotea?”

“Ilipotea jana jioni. Ikarudi kwa kishindo.”

Jibu hilo limeshapunguza nusu ya kazi. Fundi anachomoa waya, anabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa nusu dakika hivi. Pawasaplai iliyoshtuliwa na stima huweza kujifunga ili ijikinge, na hubaki hivyo mpaka chaji iliyosalia iishe. Kuna mashine huamkia hapo hapo, na fundi mwaminifu huchukua pesa ya chai tu. Isipoamka, anakagua fyuzi ya plagi, kisha anajaribu waya wake mwenyewe.

Ndipo mita inatoka. Kwenye plagi ya pini 24 ya pawasaplai, waya wa zambarau huwa na volti 5 hata mashine ikiwa imezimwa, mradi imechomekwa ukutani. Zikiwapo, anaunganisha wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, na pawasaplai inapata amri ile ile ambayo kwa kawaida huletwa na madabodi. Feni inazunguka. Mwanagenzi angeshangilia, yeye anapima wa manjano volti 12, mwekundu 5, wa machungwa 3.3, na bado haiamini, kwa sababu pawasaplai inaweza kuonekana nzima ikiwa haina mzigo na kulegea ikipewa kazi. Tena Dell OptiPlex 9020 ina plagi ya pini 8 na mpangilio wake wenyewe. Aliyekariri rangi atakwama hapo. Anayejua kila waya unabeba nini ataendelea.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi anavyopunguza. Anatoa diski, kadi na ramu, anabakiza madabodi na prosesa, maana shoti moja popote inatosha kuifanya pawasaplai igome. Kisha anagusanisha pini mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi: huenda kilichokufa ni kitufe chenyewe, kitu cha bei ndogo kabisa kwenye sanduku lote. Baada ya hapo anarudisha kimoja kimoja, akijaribu kila mara. Majirani zake wapo wanaokuuzia pawasaplai nyingine kabla ya kupima chochote. Mashine huwaka, sikatai, lakini huo ni uchuuzi.

Kwenye madabodi za miaka ya mwanzo ya 2000, kama za OptiPlex GX270, jicho humaliza kazi kabla ya mita: kapasita zimevimba vichwa kama maandazi. Atalehemu nyingine zenye mikrofaradi zile zile, volti zisipungue, upande hasi ukae mahali pake. Ndani ya pawasaplai ndiko haendi kwa pupa. Kapasita kubwa ya mle inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo kwanza anaimaliza chaji na kupima kama imekwisha.

Ya mama wa Kawangware iliwaka ramu ilipotolewa, ikapanguswa na kurudishwa. Fundi hakufunga sanduku. Aliiacha iwake, akaizima, akaiwasha tena, huku akimhoji kuhusu ekstensheni inayolisha mashine zake zote.

“Hiyo ubadilishe leo, mama, kabla hujaichomeka hii.”