Kuonja Vyakula vya Asia Hapa Kampene

Wengi wenu mmesikia habari za karamu ya kuonja vyakula vya Asia iliyofanywa hapa Kampene, ili kupata fedha za kuwalisha wagonjwa wasio na jamaa wa kuwapikia. Imesifiwa sana, na si bure: akina mama waliwasha moto tangu alfajiri bila ujira. Lakini upishi ni kazi ya ufundi kama kuchonga pembe, nao wapasa kupimwa. Hata sadaka yapimwa.

Tuanze na vyungu. Sambusa zilishinda vyote. Mahali pa nyama ya kusaga mpishi alitia sombe iliyotwangwa vema, vitunguu na pilipili kidogo, akakaanga kwa mawese. Mtu wa Mombasa angeshangaa. Sisi tuliramba vidole. Pilau ilipendeza kwa rangi, ila mdalasini na iliki vilitiwa kwa woga, kana kwamba mpishi aliogopa kutuudhi. Basi tukala wali wenye harufu ya mbali. Chapati zilichomwa mapema mno, zikawa ngumu kama ngozi ya ngoma. Chapati yataka kuliwa ikitoka kikaangoni. Ndivyo walivyoila Wahindi wa Punjabi waliojenga reli ya Mombasa tangu mwaka 1896 mpaka 1901, watu zaidi ya 30,000, na pwani nzima ikaizoea mpaka ikaifanya yake. Juu ya mchuzi wa dengu nitasema mbele kidogo.

Jambo lililonitatiza ni kibao kilichowekwa juu ya meza ya wali, kutuambia kwamba ni chakula kigeni. Kigeni kwa nani? Ni kweli, mpunga tunaoulima asili yake ni Asia. Wachina waliupanda kando ya mto Yangtze maelfu ya miaka kabla ya Kristu. (Afrika nayo ina mpunga wake wa asili, wa nchi za mto Niger, lakini siyo huu wetu.) Hapa Maniema ulifika pamoja na misafara ya Waungwana kutoka pwani, katika karne ya 19, ukastawi kandokando ya Nyangwe na Kasongo. Sisi tuna mpunga shambani, mchele kinuni, wali sahanini: mgeni hapewi majina matatu.

Tena mpunga haukuja peke yake. Misafara ile ile ilitafuta pembe na watumwa. Tarehe 15 Julai 1871, mbele ya macho ya Livingstone, watu wa wafanya biashara waliwapiga risasi akina mama waliokuja sokoni Nyangwe na vyakula vyao. Mamia wakafa, wengi kwa kuzama katika Lualaba. Baadaye Wabelgiji nao, kwa amri ya mwaka 1917, walianza kuwalazimisha watu kulima, na mpunga wa Maniema ukalisha wafanyakazi wa migodi. Bibi zetu walijua bei ya sahani ile. Kama wenye karamu walitaka kutufundisha habari za Asia, hapo ndipo palipokuwa na fundisho, na watoto waliokuwapo wangesikiliza. Badala yake tulipewa kibao na kijiko.

Sasa dengu. Hazilimwi hapa. Zililetwa kutoka mbali, pamoja na viungo, mwisho wa safari zikiwa juu ya pikipiki katika njia mnayoijua, na kila mkono uliozipitisha ulidai chake. Mchuzi wenyewe ulikuwa mwepesi, maana dengu hazikutosha. Nani alizilipa? Kama ni fedha za tiketi, basi sehemu ya chakula cha mgonjwa imeliwa na mwenye pikipiki. Hesabu ya mapato na matumizi haijasomwa kanisani mpaka leo ninapoandika. Simshitaki mtu kwa wizi. Nasema tu kwamba aliyetoa faranga zake ana haki ya kujua zimefika wapi.

Na wagonjwa wenyewe? Mnajua desturi ya hospitali zetu: daktari hutoa dawa, jamaa huleta sufuria. Asiye na jamaa humeza vidonge kwa maji matupu, na dawa kali tumboni mwenye njaa humtesa. Siku ile sisi wenye tiketi tulionja sahani nne, tukajifuta midomo, na hakuna bakuli hata moja lililopelekwa wodini. Mtume Paulo aliwakemea Wakorinto kwa karamu ya namna hiyo, ambamo huyu alishiba na yule alikaa na njaa.

Mwenye sambusa za sombe aombwe kupika tena. Safari nyingine meza ziwekwe katika ua wa hospitali, kwa mchele na maharagwe ya hapa hapa, na sahani za kwanza ziingie wodini kabla tiketi moja haijakatwa.