Uzi Unaogoma Kurudi

Mpiga solo akikandamiza mkono wa tremolo, ile fimbo inayotikisa daraja la gita, hadi nyuzi zilegee, kisha akauachia, huwa anasubiri jambo moja tu: kila uzi urudi kwenye sauti yake. Mara nyingi hazirudi zote. Uzi wa G umepanda kidogo, kodi (chord) inayofuata inaumiza sikio, na jamaa anazungusha vifunguo kichwani mwa gita huku bendi ikisonga mbele. Baada ya shoo, mchawi huwa ameshapatikana: springi. Hukumu hiyo, kwa kawaida, ni ya kuonea.

Tuanze na chombo chenyewe. Mwaka 1954 kampuni ya Leo Fender, mjini Fullerton, California, ilitoa gita la Stratocaster likiwa na daraja linalotikisika. Bamba la chuma lenye kubeba nyuzi liliegemea skrubu sita, na chini yake pande zito la chuma likazama ndani ya mwili wa gita. Kwa nyuma, springi hadi tano hulivuta pande hilo. Kwa mbele, nyuzi sita za seti ya unene wa namba 10 huvuta kwa pamoja kiasi cha kilo 47. Daraja likiachwa lielee, husimama pale tu nguvu hizo mbili zinapotoshana.

Ndiyo maana gita la aina hii lina tabia ya kuchosha: ukikaza uzi mmoja, nyingine tano zinashuka. Uzi ukikatika jukwaani, zilizobaki zinapanda. Haya ni matokeo ya mizani, si ubovu, na dawa yake ni kutyuni kwa kuzunguka nyuzi zote mara tatu au nne hadi zitulie. Mizani ikishatulia, springi nzima hulirudisha daraja pale pale lilipokuwa. Basi kwa nini sauti hairudi?

Jibu liko upande wa pili, pale shingo inapokutana na kichwa. Kuna kijipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita. Hapa nitakiita kizingiti. Kwa macho, uzi unaanzia hapo. Kwa kweli unaendelea hadi kwenye kifunguo, na ile sehemu ya nyuma ya kizingiti nayo imekazwa. Mkono unapokandamizwa, sehemu ya mbele inalegea, na ile ya nyuma, ambayo bado imekaza, inavuta uzi kidogo kuelekea kichwani. Mkono ukiachiwa, uzi ulioibwa unapaswa kuteleza kurudi mbele. Mfereji ukiwa mwembamba au mkavu, uzi unanasa njiani. Sehemu ya mbele inabaki na uzi pungufu katika urefu ule ule, kwa hiyo imekaza kuliko awali, na sauti inakuwa juu.

Kinyume chake pia ni kweli. Ukiusukuma uzi pembeni kwa kidole ili sauti ipande, unauchota kutoka nyuma ya kizingiti. Ukinasa wakati wa kurudi, sauti inabaki chini. Kwa hiyo kosa lina mwelekeo, na mwelekeo huo ndio ushahidi. Kandamiza mkono, uachie, sikiliza. Uzi ukiwa juu, usiguse kifunguo. Usukume pembeni mara moja kwa nguvu. Ukirudi kwenye sauti yake, umeshajua uliponasa.

Mmarekani Floyd Rose, mpiga gita aliyempenda Jimi Hendrix na aliyejua kazi ya usonara, alilivaa tatizo hili katika miaka ya 1970. Wengine walijitahidi kuusaidia uzi uteleze. Yeye aliamua usiteleze kabisa. Kwa zana zake za usonara alitengeneza kizingiti cha shaba chenye vibano vya kuubana uzi. Shaba ikawa laini mno kwa kazi hiyo, akahamia kwenye chuma kigumu. Upande wa daraja nao ukabanwa. Uzi uliobanwa ncha zote mbili hauna pa kuibiwa: ukilegea, ukikaza, kipimo chake ni kile kile. Hataza yake ilitolewa mwaka 1979, na mpiga gita Eddie Van Halen akawa miongoni mwa watu wa kwanza kukitumia kifaa hicho.

Ila ushindi huo ulikuja na gharama. Kizingiti kikishabanwa, vifunguo vya kichwani havina kazi tena, ikabidi viongezwe vifunguo vidogo darajani. Kubadilisha uzi kunataka kukata kile kipete cha mwishoni mwa uzi na kufungua vibano kwa ufunguo maalumu. Na ile mizani ya springi na nyuzi haikuondoka: uzi mmoja ukikatika, gita zima bado linapoteza sauti zake. Rose aliondoa msuguano wa kizingitini, hakuondoa sheria ya mizani.

Mwenye gita la kawaida hahitaji kulichimba mwili ili apate sehemu kubwa ya faida hiyo. Nyuzi mpya zivutwe kwa mkono mpaka ziache kushuka. Kwenye kifunguo, mizunguko miwili au mitatu iliyopangana inatosha. Ikizidi, kila mzunguko ni mahali pengine pa uzi kulegea na kukaza. Kisha legeza uzi, usugue ncha ya penseli ndani ya mfereji wake, maana risasi ya penseli ni grafaiti na grafaiti hulainisha. Fanya vivyo hivyo chini ya vile vijikulabu vinavyokandamiza nyuzi kichwani. Mfereji uliobana hata baada ya hapo mpelekee fundi mwenye tupa za saizi ya nyuzi, usije ukaukata mwenyewe kwa msumeno.

Skrubu sita za daraja ziangalie baada ya hapo: zikikazwa hadi chini, bamba linasuguana nazo badala ya kubembea. Springi ziwe za mwisho kuguswa. Anayeanza nazo atabadilisha mizani, atyuni upya nyuzi zote sita, akandamize mkono, na uzi wa G utanasa pale pale uliponasa jana.