Sikio la Mtazamaji: Kiswahili na Kiumbe Mla Chumvi katika Star Trek

Uhakiki wa fasihi umezoea kuyatilia shaka machozi. W. K. Wimsatt na Monroe Beardsley, katika makala waliyoichapisha mwaka 1949, walidai kwamba anayeipima kazi ya sanaa kwa athari inayomwachia moyoni huwa ameiacha kazi yenyewe na kuanza kuihakiki nafsi yake. Onyo hilo liliwafaa waliokuwa wakijaza kurasa kwa mihemko yao. Hata hivyo, zipo kazi ambazo jambo zito lililomo ndani yake halifikiwi ila kwa kupitia hisia za mpokeaji fulani, mwenye lugha fulani, aliyesimama mahali fulani. Makala hii inachunguza kazi moja ya namna hiyo: "The Man Trap", sehemu ya kwanza kuonyeshwa ya mfululizo wa televisheni wa Star Trek, iliyorushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Mpokeaji anayezingatiwa ni mpenzi wa bunilizi za kisayansi aliyekulia Ukunda, pwani ya kusini ya Kenya. Huyo si mtu mmoja mwenye jina. Ni nafasi ya upokezi, kwa maana waliyoizoea wafuasi wa Hans Robert Jauss, nafasi yenye upeo wake wa matarajio.

Kisa chenyewe, kilichoandikwa na George Clayton Johnson, si kigumu kusimulia. Enterprise, chombo cha kusafiria angani, kinafika kwenye sayari iliyobaki magofu ambako mtaalamu wa mambo ya kale, Crater, anaishi na mkewe Nancy. Kumbe Nancy aliuawa zamani. Anayeonekana ni kiumbe wa mwisho wa jamii yake, ambaye huishi kwa kufyonza chumvi miilini mwa watu, na ambaye hujigeuza umbo kwa kufuata kumbukumbu na matamanio ya anayemtazama. Tabibu McCoy, aliyempenda Nancy ujanani, anamwona Nancy wa ujana; nahodha Kirk anamwona mama wa makamo; mwenzao wa tatu anamwona msichana mwingine kabisa. Kiumbe huyo anaingia chomboni kwa umbo la baharia, na humo ushorobani anakutana na Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Mbele ya Uhura anageuka kuwa kijana mtanashati wa Kiafrika. Katika maongezi yao, anasema Kiswahili.

Tukio hilo ni fupi mno. Matamshi ya wahusika yamelemewa na lafudhi ya Kiingereza, na mzungumzaji wa Kiswahili hulazimika kutega sikio ili ayatenge maneno. Lakini kwa mtazamaji wa Ukunda hapo ndipo moyo unapostuka. Amekaa muda wote akisikiliza Kiingereza cha watu wa karne ijayo, akijua kwamba yeye ni mgeni katika hadithi hiyo. Ghafla hadithi inamgeukia na kumwita. Furaha ya namna hiyo haina budi kuheshimiwa kabla ya kuchambuliwa, maana mhakiki anayeicheka hana tena cha kuchambua.

Inafaa kuilinganisha furaha hiyo na ile ya wapenzi wa mfululizo huu huko Marekani, ambayo imeelezwa mara nyingi. Nichols alisimulia jinsi alivyotaka kuacha kazi hiyo, na jinsi Martin Luther King, aliyejitambulisha kwake kuwa mpenzi wa mfululizo huo, alivyomsihi abaki. Mae Jemison, mwanamke wa kwanza Mweusi wa Marekani kufika angani, mwaka 1992, alimtaja Uhura miongoni mwa waliomtia hamu ya safari hiyo. Katika shuhuda hizi hisia hupitia jicho. Mtu Mweusi anaonekana, ameketi kwenye chumba cha usukani, ana cheo, wala si mtumishi wa nyumba. Kwa mtazamaji wa Ukunda, kumwona mtu Mweusi akifanya kazi ya maana si ajabu, maana daktari wake, mwalimu wake na mbunge wake ni watu Weusi. Hisia yake hupitia sikio. Na tofauti ya viungo hivi viwili si ndogo, kwa sababu jicho linampata Uhura katika kila sehemu anayotokea, ilhali katika sehemu hii sikio linakipata Kiswahili mahali pamoja tu, nacho kimewekwa kinywani mwa muuaji.

Hapo ndipo penye uzito. Mtunzi angeweza kumpa Uhura rafiki wa kuzungumza naye lugha yake. Hakumpa. Mapema katika sehemu hiyohiyo Uhura anajaribu kumvuta Spock katika maongezi ya kawaida. Anataka aambiwe neno zuri, asimuliwe jinsi sayari ya Vulcan ilivyo jioni ya mbalamwezi. Spock anamjibu kwamba Vulcan haina mwezi. Watazamaji wengi huucheka utani huo. Akiutazama mara ya pili, hata hivyo, mtazamaji huona kwamba ndio unaotayarisha mkutano wa ushorobani. Mwanamke ambaye kazi yake ni kuyapokea na kuyapeleka maneno ya wengine ametamani kusemeshwa, na wa kumsemesha amekosekana. Kiumbe anausoma upweke huo na kuuvalia umbo na lugha. Kwa hiyo Kiswahili hakikuingia katika hadithi kama pambo la utamaduni wa mhusika. Kimeingia kama kipimo cha upweke wake: ni lugha ambayo ndani ya chombo kizima haina msemaji wa pili, isipokuwa adui. Mtazamaji aliyefurahi kuisikia amefurahi kwa wakati uleule na kwa sababu ileile aliyofurahi Uhura, na kama Uhura, ameingia mtegoni. Hisia yake imemweka ndani ya tukio kwa namna ambayo mtazamaji wa Chicago au London hawezi kuwekwa.

Sasa, kwa nini Ukunda? Kwa sababu mji huo, ulioko kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, mahali panapochepuka njia ya ufuo wa Diani, unaijua hali hii kwa mazoea ya kila siku. Wenyeji wake Wadigo wana Chidigo chao. Kiswahili ni lugha ya soko, ya shule na ya majirani waliotoka bara. Na huko ufuoni, tangu mahoteli makubwa yalipoanza kujengwa, kuna Kijerumani, Kiitaliano na Kiingereza. Mgeni huja na "jambo" lake alilofundishwa ndani ya ndege, salamu ambayo wenyeji wenyewe hawaamkiani hivyo, naye huitumia kwa tabasamu kwa kuwa anahitaji kitu: njia, bei nafuu, au mtu wa kuongea naye. Mtoto wa Ukunda hujifunza mapema kwamba mtu asiyemjua akimsemesha kwa lugha yake, swali la kwanza ni anataka nini.

Lakini mlango huo hufunguka pande zote mbili. Mabichi boi, kama waitwavyo, hujifunza Kijerumani na Kiitaliano kwa kusikia tu, mchangani, ili waishi. Wao nao humkaribia mgeni mpweke, humsoma anachokitamani, na kumzungumza kwa lugha ya kwao. Kiumbe wa sayari ile iliyokufa hafanyi jambo jingine. Hivyo mtazamaji wa Ukunda anakabiliwa na ugumu ambao hadithi haikuukusudia: anamtambua Uhura, na papo hapo anamtambua kiumbe. Chumvi anayoitafuta kiumbe huyo ni riziki. Kiswahili chenyewe kinamsaidia mtazamaji kwenye usomaji huu, maana aliyeishi miaka mingi husemwa kuwa amekula chumvi nyingi, na huyu ni mzee wa ukoo uliokwisha. Bila shaka mtunzi hakuujua msemo huo, na makala hii haimtwiki sifa isiyokuwa yake.

Upeo wa matarajio wa Ukunda una jambo la pili, nalo linahusu namna ya kuamiliana na kiumbe wa aina hiyo. Hadithi za majini wanaojigeuza wanawake wazuri na kutambulikana kwa kwato zao zinajulikana pwani nzima, na kwa kiasi hiki "The Man Trap" si ngeni. Zaidi ya hayo kuna mila ya pepo. Mwanaanthropolojia Roger Gomm, katika makala yake ya mwaka 1975 kuhusu pwani ya kusini ya Kenya, aliichunguza mila hiyo kama njia ya mapatano: pepo hutoa madai kupitia kinywa cha mwanamke aliyepandwa, na jamaa hulazimika kuyasikiliza. Pepo huulizwa jina lake, atokako na anachokitaka. Wapo Waislamu wengi wa Ukunda wasioiridhia mila hiyo kabisa, lakini hata asiyeiridhia anaujua mpangilio wake wa masimulizi. Katika mpangilio huo, kiumbe mwenye njaa anayesema lugha ngeni ni mtu wa kuhojiwa.

Kwa mtazamo huo, mhusika anayeeleweka zaidi ni Crater. Yeye amepatana na kiumbe: humpa chumvi, naye kiumbe humpa sura ya mkewe. Ni mapatano mabaya, maana yamejengwa juu ya maiti ya Nancy na baadaye yanawagharimu watu wengine maisha. Hata hivyo ni mapatano. Crater anamfananisha kiumbe huyo na nyati wa Marekani waliofyekwa, na mwishoni, McCoy akishampiga risasi ya mionzi kiumbe aliyevaa sura ya mpenzi wake, Kirk anabaki akiwawaza nyati hao. Majuto hayo yanakuja kwa haraka na kwa bei nafuu. Ndani ya Enterprise kuna shehena ya kutosha ya kila kitu, na hapana aliyemkalisha kiumbe huyo kitako, akiwa katika umbo lake mwenyewe, akamuuliza jina. Mtazamaji wa Ukunda anayetokwa na machozi hapo halilii joka la kufikirika. Anaulilia msemaji wa pili wa Kiswahili katika chombo kile.

Sehemu ya "The Changeling", iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 29 Septemba 1967, inaweza kusomwa kama jibu la hali hii, ingawa jibu dhaifu. Mtambo uitwao Nomad unamsikia Uhura akiimba, unashindwa kuuelewa uimbaji, na kuifuta akili yake yote. Anafundishwa upya kusoma Kiingereza kama mtoto wa chekechea, na pale somo linapomshinda, anaghadhibika kwa Kiswahili. Kimantiki ni kasoro, kwa sababu kilichofutwa kimefutwa. Mpenzi wa mfululizo huu huisamehe kasoro hiyo kwa hiari, akisema moyoni kwamba mashine imeshindwa kuifikia lugha ya mama. Lakini sikio la Ukunda lina pingamizi. Mtu wa Ukunda akifutwa akili na kubakiwa na lugha ya ndani kabisa, yamkini lugha hiyo ingekuwa Chidigo. Kiswahili cha Uhura ni lugha ya Afrika yote kwa pamoja, kama kilivyofikiriwa na Wamarekani Weusi wa miaka hiyo. Sikukuu ya Kwanzaa, yenye istilahi zake za Kiswahili, ilianzishwa na Maulana Karenga mwaka uleule wa 1966. Jina la Uhura lenyewe lina historia ya namna hiyo. Nichols alieleza kwamba lilitokana na riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962 iitwayo Uhuru, riwaya kuhusu Kenya iliyoandikwa kwa jicho la walowezi, na irabu ya mwisho ikabadilishwa ili jina liwe la kike. Kiswahili hakina haja ya irabu a ili neno liwe la kike. Satelaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ilipewa jina la Uhuru bila kuharibiwa irabu yake, labda kwa kuwa ilirushwa mbele ya wenye neno.

Hisia ya mtazamaji, basi, ni ya kumtambua mwenzake asiyekuwa mwenzake kamili. Katika fasihi ya Kiswahili mwandishi aliyelikabili jambo hili moja kwa moja ni Katama Mkangi, mwana wa pwani ya Kenya, katika riwaya yake Walenisi ya mwaka 1995. Shujaa wake, Dzombo, ambaye jina lake ni pia jina la mlima ulioko Kwale, anahukumiwa kufa kwa kurushwa ndani ya chombo cha angani, naye anatua kwenye ulimwengu wenye haki kuliko ule uliomtupa. Jina la ulimwengu huo ni sentensi nzima: wale ni sisi. Mkangi hakuhitaji kulichomeka neno la Kiswahili katikati ya Kiingereza ili mpokeaji ashtuke. Masafa ya anga, sheria zake na ubishi wake vyote vimo ndani ya lugha. Hasara ya riwaya hiyo, kama ni hasara, ni kwamba kwa kuwa kila mtu ndani yake anasema Kiswahili, hakuna anayekionea kiu. Msomaji wa Walenisi hufikiri sana na hutikisika kidogo. Mtazamaji wa "The Man Trap" hutikisika kwa maneno machache yaliyotamkwa vibaya na kiumbe aliyekuja kuua.

Wala tukio lile halimalizwi. Wenzake Uhura wanatokea ushorobani, mvuto unakatika, naye anarudi kwenye kazi yake ya kupokea sauti za mbali. Hadi sehemu inakwisha, hapana hata mmoja chomboni anayemuuliza kijana yule alimwambia nini, wala kwa lugha gani.