Saa 10:00 Ipi? Tovuti ya Lugha Sita Ilivyojengwa Upya Unguja

Mgeni alitoka Mwanza na mkewe kuja kupumzika Jambiani. Aliweka nafasi kupitia ukurasa wa Kiswahili wa nyumba ya wageni ambayo sitaitaja, na ukurasa ule ukamwambia arudishe ufunguo "saa 10:00". Asubuhi ya kuondoka wakaenda zao kuogelea. Waliporudi adhuhuri walikuta mabegi yao yametolewa barazani na wageni wengine wamekaa wakisubiri chumba kifagiliwe. Yule bwana alikuwa na haki ya kukasirika. Saa kumi ni alasiri, jua linapoanza kupoa. Mwenye nyumba alikusudia saa nne asubuhi.

Niliitwa baada ya kisa hicho kuijenga tovuti upya. Ilikuwa na lugha sita: Kiswahili, Kiingereza, Kiitaliano, Kijerumani, Kipolandi na Kiarabu. Kwa macho ilipendeza, kwa sababu kila lugha ilikuwa na bendera yake na kila ukurasa ulikuwa na picha ya ngalawa. Lakini ilikuwa imeandikwa Kiingereza kwanza, halafu maneno yakapitishwa kwenye programu ya kutafsiri, moja moja, kama mtu anayebadilisha vigae vya paa bila kutazama kenchi zilizovibeba. Kitufe cha kuweka nafasi kiliandikwa "Kitabu sasa", kwa kuwa Kiingereza hutumia neno moja kwa kitabu na kwa kuweka nafasi.

Kosa la namna hiyo huonekana na hurekebishwa kwa dakika moja. La saa halionekani, ndiyo maana nalihesabu kuwa baya zaidi. Tarakimu 10:00 zikiwa peke yake kwenye simu, wengi wetu tunazisoma "saa nne" bila hata kufikiri, kwa mazoea. Ukitanguliza neno "saa", umeingia katika hesabu nyingine, hesabu ya jua. Programu ilikuwa imeongeza neno moja tu, tena neno sahihi, ikasogeza muda kwa saa sita.

Dawa yake haikuwa kumtafuta mtafsiri bora. Tulianza kwa kutenganisha muda na maneno. Kwenye hifadhidata saa ya kurudisha ufunguo imewekwa mara moja tu, kama namba ya mfumo wa saa 24, na kila ukurasa unaitamka kwa lugha yake. Vivinjari vya siku hizi vinajua majina ya siku na miezi kwa Kiswahili, lakini saa haviisogezi: vitakupa 10:00 ileile. Kwa hiyo tuliandika kanuni yetu fupi. Chukua saa, ongeza sita, gawa kwa kumi na mbili, shika baki. Baki likiwa sifuri, andika kumi na mbili. Kumi inatoa nne, kumi na sita inatoa kumi, kumi na nane inatoa kumi na mbili. Kisha kanuni inaongeza sehemu ya siku, alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku, maana bila hiyo saa nne inaweza kuwa ya uji au ya kulala. Ukurasa sasa unasema "saa 4:00 asubuhi", na chini yake, kwa herufi ndogo, "kwenye simu: 10:00".

Usiku nao ulitaka uangalifu. Kwa wazee wa pwani, usiku wa Ijumaa huingia jua la Alhamisi likizama. Ukimwandikia mtu kwamba amelipia "usiku wa Ijumaa" umempa siku mbili za kuchagua. Magazeti yetu yalishapata ufumbuzi zamani kwa neno moja zuri, "kuamkia", nasi tukalichukua: usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, tarehe zote mbili zikiwa zimeandikwa, na mwezi kwa jina. Mwezi kwa jina ni lazima katika lugha zote, kwa sababu 03/04 ni tarehe 3 Aprili kwa Mtanzania na Mwitaliano, lakini kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi.

Kazi iliyotula muda mwingi kuliko zote ilikuwa sarufi. Tovuti ya zamani ilijenga sentensi kwa kuunganisha vipande: namba, jina la kitu, kisha "zimebaki". Ikatoa "vyumba 2 zimebaki" na "kitanda 1 zimebaki". Kiingereza kinavumilia ujenzi huo kwa sababu kitenzi chake hakifuati ngeli. Kiswahili hakivumilii hata kidogo: chumba kimebaki, vyumba vimebaki, nafasi zimebaki, boti imebaki. Hakuna kipande kimoja kitakachotosha vyote. Tuliacha vipande, tukahifadhi sentensi nzima kwa kila kitu na kwa kila hali ya wingi.

Hapo ndipo Kipolandi kilipotukumbusha kwamba hata neno "wingi" si moja duniani. Usiku mmoja ni noc, miwili ni noce, mitano ni nocy. Kiarabu kina umoja, kina uwili, na kwa wingi umbo la neno hubadilika tena kadiri hesabu inavyopanda. Orodha ya kimataifa ya kanuni za wingi ambayo programu nyingi huitegemea imekipa makundi sita. Fundi aliyeandaa nafasi mbili tu, moja na nyingi, amewafungia mlango wageni hawa kabla hawajafika.

Kiarabu pia huandikwa kutoka kulia, na hapo kulikuwa na hitilafu ambayo hakuna aliyewahi kuilalamikia, pengine kwa kuwa waliokwama hawakupata pa kulalamikia. Namba ya simu yenye nafasi katikati, ikiwekwa ndani ya sentensi ya Kiarabu bila kinga, hupanguka: kundi la mwisho la tarakimu hutangulia kushoto, na +255 huishia kulia, alama ya kujumlisha ikiwa nyuma. Aliyeko Muscat akiibonyeza kama anavyoiona, simu haitaita. Kinga yake ni kuizungushia namba agizo la kusomwa kutoka kushoto. Ni mstari mmoja wa msimbo.

Nasi Waswahili tuna alama yetu inayosumbua. Ng'ambo, upande wa pili wa mji kutoka Mji Mkongwe, ina ritifaa, na ritifaa hiyohiyo katika msimbo mwingi hufunga maneno. Ukurasa wa maelekezo ulikuwa unakatika baada ya "Ng". Na hata ulipopona, mtu aliyeandika Ng'ambo kwa ritifaa iliyonyooka hakuipata iliyohifadhiwa kwa ritifaa iliyopinda, mpaka tulipoufundisha mfumo kuzihesabu kuwa moja.

Bendera tuliziondoa. Kiswahili utakipa bendera gani, ya Tanzania, ya Kenya au ya Kongo? Kijerumani ni cha Mwaustria pia. Jina la lugha kwa lugha yenyewe linatosha: Kiswahili, English, Italiano, Deutsch, Polski, العربية. Kila lugha ikapata anwani yake yenyewe, ili mitambo ya kutafuta iione, na alama ya lugha iliyo sahihi: Kiswahili ni "sw" (si "ke", hiyo ni nchi ya Kenya), na Kiingereza cha Uingereza ni "en-GB", si "en-UK" ninayoikuta kila mara.

Jambo la mwisho nililoling'ang'ania ni bei. Tovuti ya zamani ilikisia: anayesoma Kiitaliano ni mtalii, anayesoma Kiswahili ni mwenyeji, na bei ikafuata lugha. Lakini hapa kwetu, kwenye boti na kwenye hifadhi za taifa, kinachotenganisha bei ni uraia na ukaazi. Mwitaliano anayefundisha kupiga mbizi Nungwi na ana kibali cha ukaazi anasoma Kiitaliano na anastahili bei ya mkaazi. Mzanzibari aliyekulia Muscat akawa raia wa Oman huenda akasoma Kiswahili kitamu kuliko changu, na bado akawa mgeni kwa pasipoti. Sasa tovuti inauliza: raia, mkaazi au mgeni? Lugha msomaji anachagua mwenyewe, na akishachagua tovuti haimrudishi kwenye nyingine kwa kuwa tu mtandao wake unatoka nchi fulani.

Wapishi nao walipata neno lao. Urojo umebaki urojo katika lugha zote sita, na maelezo mafupi pembeni ya kilichomo. Nimefurahi kwa hilo kuliko kwa msimbo wote.

Kama una biashara ya wageni, iwe Paje, Lamu au Moshi, fungua leo ukurasa wako wa Kiswahili, utafute kila palipoandikwa "saa", kisha mpe simu kijana wa mapokezi asome kwa sauti. Akisita hata mara moja, mwite fundi.