Foili Inayong'aa Bure

Nimechoka kusikia watu wakisifu mapaa wasiyoyajua. Mtu anajenga hapa Sultan Hamud, anaezeka mabati meusi ya kisasa, anapigilia silingi ya mbao inayofuata mteremko hadi mgongoni mwa paa, na wageni wanaingia saa tatu asubuhi wakishangilia. Waje mwezi wa Februari, saa nane mchana, wakae sebuleni bila feni. Hapo ndipo paa linapopimwa.

Wakilalamikia joto, wataambiwa foili imewekwa. Pengine ni kweli. Fundi wa haraka huitandaza juu ya palini, kisha anapiga mabati juu yake, na picha za simu zinapendeza mno. Lakini foili haifanyi kazi kwa kuwa ni foili. Alumini safi hurudisha takriban asilimia 95 ya joto linalomulika, mradi iwe na hewa mbele yake. Uso wake unaong'aa ukigusa bati, joto linapita kwa mguso, na pesa za mwenye nyumba zimepotea.

Fundi anayeijua kazi hutandaza foili kabla ya palini, juu ya rafta, akianzia chini ili kipande cha juu kilalie cha chini. Hata bati likivuja, maji yatateremka hadi nje. Haivuti ikakaza, anaiacha ilegee kidogo katikati. Kisha, juu ya kila rafta, anapigilia mbao ya inchi 2 kwa 1 kufuata mteremko, ndipo anapoleta palini. Hiyo mbao nyembamba ndiyo watu wanaikosa kila mara, hata wale waliokumbuka kuacha nafasi. Palini zimelala kukingama paa, kwa hiyo bila mbao hiyo kila moja inaziba njia, na hewa inabaki humo ikipata moto. Ikiwepo, hewa inaingia ukingoni, inapanda chini ya bati na kutokea kwenye kofia ya paa, ikibeba joto lake. Kama foili inang'aa upande mmoja tu, upande huo utazame chini. Wengi huugeuza juu, na vumbi letu hili halikawii kuufunika.

Fundi mmoja mzee wa Emali hakukabidhi nyumba kabla ya kuwasha kitambaa kikuukuu, kuzima mwali wake na kukishika chini ya ukingo wa paa jua likiwa kali. Moshi ukinyonywa ndani, alirudi nyuma, shingo kaiinua, akisubiri uchungulie mgongoni. Usipotoka, alipanda na nyundo.

Mwingine, aliyepewa nyumba yenye dari bapa, aliweka foili kuzunguka mlango wa dari pekee. Alijua mwenye nyumba atapanda ngazi, atamulika tochi, ataona mng'aro, atashuka na kulipa. Nawe ukikagua, tambaa hadi pembeni kabisa.

Popo na nyuki ndio kisingizio cha kuziba ukingo kwa saruji. Wavu wa waya unatosha.

Mengine ni wazi. Paa la chini ya digrii 15 silihesabu kuwa paa. Mabati meusi hayafai Ukambani, hata yakipendeza. Silingi iwe ya saiprasi, bila vanishi ya kumetameta. Na misumari ya silingi ikienda upogo, usiamini chochote kilichofichwa juu yake.

Akina nyanya zetu walilala chini ya nyasi nene, na ukiingia mchana ulihisi ubaridi shingoni. Reli ilipopita huku mwishoni mwa miaka ya 1890, mabati yalikuja nayo, na tulikuwa na sababu nzuri ya kuyapokea: nyasi hazijazi tangi, na mvua yetu ya Novemba haingoji mtu ajipange. Lakini waezekaji wale wa nyasi walijua kuacha paa lipumue, na moshi wa jikoni ulipenya taratibu mpaka nje. Vijana wa sasa wana mashine za kukata na kupigilia, na hawana subira ya mbao ya 2 kwa 1.

Kwa hiyo usilipe awamu ya mwisho asubuhi. Beba ngazi yako mwenyewe, nenda saa nane, bandika kiganja kwenye silingi sehemu ya juu kabisa. Ukilazimika kukiondoa, mwambie fundi afungue mabati mbele yako.