Usitembee, Taja Unakokwenda

Mara ya kwanza kumwona mtu akifanya kazi kwenye Vim, programu ya kuhariri maandishi, nilidhani skrini inajiendesha yenyewe. Mwenzangu wa ofisini alikuwa akikarabati programu yenye mistari zaidi ya elfu mbili. Kipanya alikisukumia mbali, nyuma ya kikombe cha chai. Viganja vyake vilitulia tuli juu ya kibodi, ni ncha za vidole tu zilizocheza, na kielekezi kiliruka huku na huku bila kutangatanga. Kila kilipotua, kilitua palepale jicho lake lilipokwishafika.

Nikajaribu. Nikabonyeza j, kitufe cha kushuka, mara ishirini na zaidi. Akanitazama kwa upole: "Usitembee, kaka. Taja unakokwenda."

Herufi h, j, k na l zinakwenda kushoto, chini, juu na kulia. Bill Joy alipoiandika vi, mtangulizi wa Vim, mwaka 1976 huko Berkeley, California, mashine yake ya ADM-3A haikuwa na vitufe vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya herufi hizo hizo. Lakini mjuzi huzitumia kwa hatua mbili tatu za mwisho tu. Safari yenyewe huifanya kwa kutaja: w ni neno lijalo, f na mkato ni mkato unaofuata, alama ya asilimia humpeleka kwenye mabano yanayofunga yale aliyosimama juu yake. Akiweka kielekezi juu ya neno na kubonyeza nyota, anafika mahali pengine neno hilo lilipotumika.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kurudi. Control na o hukurudisha ulikotoka, mruko kwa mruko, hata kama umeshavuka mafaili matatu. Vim hukumbuka miruko 100. Ndiyo maana mwenzangu hakuogopa kwenda mbali kuchungulia jambo dogo: njia ya nyumbani ilikuwa salama.

Kisha nikagundua kwamba anachofanya ni kuunda maneno. Herufi d ni kufuta, c ni kubadilisha, y ni kunakili, na kila moja hungoja kuambiwa mpaka wapi. Andika dw, neno limefutika. Andika ct na mkato, unabadilisha kila kilichopo hadi kabla ya mkato. Andika ci na mabano, unabadilisha kilichomo ndani ya mabano, hata kama kielekezi kiko katikati yake. Aliyekulia katika Kiswahili hapaswi kuona ugeni hapa. Mzizi -pik- tunauambatishia viambishi tu, tukapata pikia, pikisha, pikika, na hakuna aliyekariri orodha yake.

Vim ilitolewa mwaka 1991 na Bram Moolenaar, Mholanzi aliyefariki Agosti 2023. Ukiifungua bila faili lolote, skrini ya kwanza inakuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Ni watoto wa Kibaale, mji mdogo wa kusini, karibu na Tanzania, ambako Bram alijitolea katika kazi za maji na usafi. Programu aliitoa bure. Ombi lake lilikuwa hilo. Kwangu mimi, ombi lile na subira ya kuunda programu hii vimetoka mkono mmoja.

Mwenzangu alinishauri nijifunze amri moja tu kwa juma, niitumie hadi vidole viizoee. Juma hili ni zamu ya g na nukta-mkato, inayokurudisha mahali ulipofanya badiliko la mwisho. Mchana huu nilikuwa nimepotelea mbali, nikitafuta jina fulani chini kabisa ya faili. Nikaibonyeza bila kufikiri, na kielekezi kikasimama kwenye mstari niliouacha nusu kabla ya chakula.